Bunduki na Kiasi Chake: Mafundi wa Silaha na Suala la Kaliba katika Eneo la Gisenyi, 1890–1918

Utangulizi

Historia ya silaha za moto katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuhesabu bunduki. Huulizwa bunduki ngapi zilipita Zanzibar, ngapi zilifika Tabora, ngapi ziliingia Buganda, na mtawala yupi alikuwa nazo nyingi kuliko jirani yake. Hesabu hizo zina faida, lakini hulifunika swali ambalo kila fundi wa bunduki hulitanguliza anapoletewa silaha: hii inakula nini? Bunduki isiyo na risasi inayolingana na tundu la mtutu wake ni rungu la bei ghali. Makala haya yanalichukua swali hilo la fundi na kulipeleka Gisenyi, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ambao leo umo katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, na ambao tangu 1914 hadi 1916 ulikuwa ukingo wa vita baina ya Wajerumani na Wabelgiji. Hoja inayotetewa ni kwamba kilichomwondolea mhunzi wa Kiafrika mamlaka yake juu ya bunduki si bunduki mpya yenyewe, bali ni risasi ya ganda la shaba iliyoambatana nayo. Kubadili kaliba, kazi ambayo kwa gobori ilimalizika katika karakana ya kijiji, kuligeuka kuwa jambo la viwanda, la sheria na la dola.

Kiasi, kalibu na kaliba

Lugha yenyewe imehifadhi sehemu ya historia hii. Kamusi za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha kuwa neno kiasi, mbali na maana yake ya kipimo, lilitumika pia kwa shehena ya baruti na risasi iliyotiwa katika bunduki, na hatimaye kwa risasi nzima yenye ganda. Kwa msemaji wa zamani, basi, kiasi cha bunduki kilikuwa kipimo na kitu kinachopimwa kwa wakati mmoja. Neno kalibu nalo, kutoka Kiarabu, ni chombo ambamo fundi humimina risasi iliyoyeyushwa ili ipate umbo. Wanaisimu wengi wanalihusisha neno hilohilo la Kiarabu na neno la Kizungu linalotaja kipenyo cha mtutu, ambalo limerudi katika Kiswahili cha leo kwa sura ya kaliba. Neno moja limetoka karakana ya mhunzi, likazunguka Ulaya, likarejea likiwa neno la kiwandani. Safari hiyo inafanana mno na safari ya kazi yenyewe.

Bunduki ya kushindilia, iwe ya gumegume au ya fataki, ilimwachia fundi uhuru mkubwa. Baruti ilipimwa kwa mkono na kumiminwa mdomoni mwa mtutu, kikafuata kitambaa au nyuzi za mmea, kisha risasi, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Risasi ilipopungua, kipande cha chuma, kokoto au waya wa shaba uliokatwakatwa ulifaa. Mtutu ulipolika kwa kutu, fundi aliweza kuukwangua ndani mpaka uwe laini tena, kisha akachonga kalibu kubwa zaidi. Kwa kufanya hivyo alikuwa amebadili kaliba ya silaha, na mwenye bunduki hakuhitaji kumwomba mtu yeyote ruhusa wala kusubiri meli.

Ustadi huo haukuwa mdogo. Frederick Lugard, aliyefika Buganda Desemba 1890, aliwasifu wahunzi wa huko kwa namna walivyoweza kuunda kitako kipya cha bunduki na hata springi ya mtambo wake. Buganda ilikuwa na bunduki nyingi, kwa hiyo ilikuwa na mafundi wengi. Rwanda ilikuwa hali nyingine. Chini ya Kigeli Rwabugiri, aliyefariki 1895, ufalme huo uliwazuia wafanyabiashara wa pwani kuingia kwa wingi, na wahunzi wake, waitwao abacuzi kwa Kinyarwanda, walikuwa mabingwa wa mikuki na majembe. Imbunda zilizopatikana zilikuwa chache. Gustav Adolf von Götzen alipovuka nchi hiyo mwaka 1894 hadi Ziwa Kivu, alikuta dola yenye jeshi kubwa lililotegemea mkuki na upinde. Miaka miwili baadaye, huko Shangi kusini mwa ziwa, jeshi hilo lilishindwa na kikosi kidogo kilichotoka Dola Huru ya Kongo kikiwa na bunduki za kujaza nyuma.

Mara nyingi kushindwa huko Shangi kunaelezwa kama kushindwa kwa mkuki mbele ya bunduki. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Hata kama Rwanda ingekamata bunduki zote za kikosi kile, ingelikuwa nazo kwa muda wa risasi zilizokuwa katika mikoba tu. Baada ya hapo hakuna mhunzi wa Kivu ambaye angeweza kuzilisha.

Sheria iliyotazama ndani ya mtutu

Wakati Shangi inatokea, sheria ya kimataifa ilikuwa tayari imekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita hapo kila mwaka kuelekea bara. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamezitupa baada ya kupata za kujaza nyuma. Mkataba Mkuu wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulipiga marufuku uingizaji wa silaha za moto, na hasa zile zenye mtutu wa michirizi na za namna iliyoboreshwa, pamoja na risasi zake, katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Gumegume lenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara viliachiwa nafasi chini ya usimamizi wa ghala za serikali.

Mkataba ulijieleza kwa lugha ya kupinga biashara ya utumwa, na nia hiyo ilikuwepo. Hata hivyo, mpaka uliochorwa na wanasheria wale ulipita ndani ya mtutu. Upande mmoja iliachwa silaha ambayo fundi wa Kiafrika aliweza kuitengeneza, kuilisha na kuibadili. Upande wa pili iliwekwa silaha ambayo maisha yake yalitegemea kiwanda, na ufunguo wa kiwanda ulibaki mikononi mwa serikali zilizotia saini.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo Ulaya yenyewe ilikuwa ikiishi kwa kubadili bunduki zake. Tangu 1866 Uingereza iligeuza bunduki zake za Enfield za kushindilia kuwa za kujaza nyuma kwa mtambo wa Snider, bila kuutupa mtutu. Karibu miaka 30 baadaye iliondoa mtutu wa Martini-Henry wenye kipenyo cha milimita 11.4, ikaweka mwingine wa milimita 7.7, na silaha ikapata jina la Martini-Enfield. Ubelgiji ilifanya vivyo hivyo. Bunduki ya Albini-Braendlin, iliyokubaliwa na jeshi lake mwaka 1867, ilianza kwa kuzikata bunduki za zamani za kushindilia na kuzitia mlango wa chuma nyuma. Kwa hiyo silaha iliyobebwa na askari wa Force Publique hadi ufukwe wa Kivu ilikuwa, kwa ukoo wake, bunduki iliyobadilishwa na mafundi. Yale yaliyoitwa uhodari mjini Liège yangeitwa magendo mjini Ujiji.

Milimita 11 na milimita 11

Mpaka wa Kivu ulipangwa katika mazungumzo ya Brussels ya mwaka 1910: Gisenyi ikabaki Ujerumani, na Goma pamoja na Kisiwa cha Ijwi vikawa vya Ubelgiji. Wajerumani waliandika jina la kituo chao Kissenji, na hapo ndipo ilipokaa Kompania ya 11 ya jeshi lao la koloni. Vita vilipofika, Kapteni Max Wintgens aliiteka Ijwi tarehe 24 Septemba 1914, na kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu majeshi mawili yalikodoleana macho katika mwinuko wa lava ulio kati ya ziwa na Nyiragongo. Aliyesimama Gisenyi aliweza kuiona Goma.

Majeshi hayo yalibeba nini? Mwaka 1914 sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani, waliokuwa wapatao 2,500 katika koloni zima, walikuwa bado na Mauser ya modeli ya 1871, bunduki ya risasi moja moja yenye kipenyo cha milimita 11 na inayotumia baruti nyeusi yenye moshi. Moshi huo ulimfichua kila aliyefyatua. Upande wa pili, askari wengi wa Force Publique walikuwa na Albini, nayo ya risasi moja, nayo ya milimita 11, nayo ya moshi. Kwa mtazamaji wa mbali zilikuwa silaha pacha. Lakini ganda la risasi ya Mauser lilikuwa na urefu wa milimita 60, na la Albini milimita 50. Unene na mabega ya maganda hayo pia vilitofautiana. Risasi zilizotekwa upande mmoja hazikuingia katika bunduki za upande wa pili. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa silaha mpya zaidi: Wabelgiji walikuwa na Mauser ya 1889 ya milimita 7.65 yenye ganda la milimita 53, Wajerumani wakiwa na ya milimita 7.9 yenye ganda la milimita 57.

Hata ndani ya kaliba moja palikuwa na mtego. Ujerumani ilipobadili risasi yake ya milimita 7.9 mwanzoni mwa karne, kipenyo cha risasi chenyewe kiliongezeka kwa kama sehemu ya kumi ya milimita, na bunduki za zamani zikalazimika kurekebishwa mtutu. Jina halikubadilika. Kwa fundi, jina la kaliba ni kama jina la ukoo, halimtambulishi mtu.

Rivolva ya afisa

Mfano ulio wazi kuliko yote ni silaha ndogo iliyoning'inia kiunoni mwa maafisa. Jeshi la koloni la Kijerumani lilitumia rivolva za serikali za modeli ya 1879 na 1883, zenye kipenyo cha milimita 10.6. Nyundo ya rivolva hiyo sharti ivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila mlio. Kifyatulio peke yake hakiwezi kuinyanyua. Haina hata chombo cha kutolea maganda, na mtumiaji huyasukuma moja baada ya jingine kwa kijiti. Ni silaha ya polepole, nzito, yenye vipande vichache, na kwa sababu hiyohiyo ni silaha inayomvutia fundi. Maafisa wa Kibelgiji nao walikuwa na Nagant ya modeli ya 1878, ya milimita 9.4.

Katika karatasi, kuipa rivolva ya Kijerumani kaliba ya Kibelgiji si jambo gumu. Tundu la milimita 10.6 ni kubwa kuliko la 9.4, hivyo fundi hutia mrija wa chuma ndani ya mtutu, kisha mirija mingine sita katika vyumba sita vya silinda. Njia ya kinyume, kuipanua Nagant, huishia haraka kwenye ukuta mwembamba unaotenganisha chumba na chumba, na ukuta huo ukipungua mno silinda hupasuka mkononi mwa mwenyewe. Ila mirija saba si mwisho wa kazi. Kila chumba lazima kisimame sawasawa na mtutu pale nyundo inapoangukia, pindo la ganda jipya lazima likae vizuri nyuma ya silinda, na ncha ya nyundo lazima igonge katikati ya fataki. Kosa lisiloonekana kwa jicho hufanya risasi ikate ukingo wa mtutu na kurusha vipande vya risasi pembeni.

Kazi hiyo inataka mashine ya kukerezea, chuma kinachojulikana ubora wake na vifaa vya kupimia. Katika koloni la Kijerumani vitu hivyo vilipatikana Dar es Salaam, katika karakana za jeshi, za bandari na za reli. Huko, baada ya manowari Königsberg kuzamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 ilipelekwa na kuundiwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja wao ulifungwa juu ya meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli iliyopewa jina la yule yule aliyevuka Rwanda mwaka 1894. Inafaa kuzingatia kuwa hata mafundi hao hodari hawakugusa kaliba. Walibadili kila kitu kilichouzunguka mtutu, na mtutu wakauacha ule kile kilichokuwa kimeokolewa pamoja nao.

Mzigo wa mpagazi

Gisenyi haikuwa na karakana ya namna hiyo wala reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914. Kutoka hapo mzigo ulipanda ziwani hadi Usumbura, Bujumbura ya leo, kisha ukapanda milima kichwani mwa mtu. Risasi moja ya Mauser ya 1871 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 43. Ya milimita 7.9 karibu gramu 24. Mpagazi aliyebeba kilo 25 alibeba, bila kuhesabu sanduku, risasi zipatazo 580 za aina ya kwanza au zaidi ya 1,000 za aina ya pili. Kwa lugha hii ya hesabu, kubadili kaliba ya kompania moja kulikuwa sawa na kuongeza wapagazi karibu maradufu bila kuongeza hata mlo mmoja. Tofauti ya milimita tatu katika mtutu ilikuwa ikilipwa kwa shingo na magoti ya watu ambao majina yao hayamo katika kumbukumbu za vita.

Wabelgiji nao walikuwa na shida yao, na ilikuwa ya ajabu zaidi. Ngome za Liège zilianguka Agosti 1914, na Herstal, mahali palipokuwa chanzo cha Mauser za milimita 7.65, pakawa chini ya Ujerumani. Jeshi lililolinda Goma lilikuwa limepoteza kiwanda chake kwa adui yuleyule aliyekuwa upande wa pili wa mpaka. Serikali ya Ubelgiji iliyokuwa uhamishoni ilitafuta bunduki za kaliba hiyo Uingereza na Marekani.

Wajerumani walitegemea meli zilizopenya mzingiro wa Waingereza. Meli Rubens, iliyofika Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga Aprili 1915, ilishambuliwa na kuzama katika maji mafupi. Wapiga mbizi waliopoa shehena yake, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya. Nyingi zilikataa kulipuka. Hapo, kwa muda mfupi, kazi ya mkono ilirudi katikati ya vita. Lakini mikono hiyo ilikuwa ikitengeneza upya kilichotoka kiwandani. Haikuweza kuanzisha kipya.

Kubadili kaliba bila fundi

Njia iliyobaki ilikuwa moja: badala ya kuibadili bunduki ifuate risasi, askari alibadili bunduki nzima. Paul von Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 ulivyompatia bunduki 455, bombomu 16 na risasi zaidi ya laki tano, akiba iliyotosha kuzipa kompania tatu silaha za kisasa. Silaha hizo zilikuwa za Kiingereza, zenye kaliba ya Kiingereza. Askari aliyezipokea alikuwa amehama kaliba pasipo msumeno wala tupa.

Gisenyi haikupata Tanga yake. Kikosi cha Wintgens kilishikilia eneo lake kwa akiba iliyokuwa ikipungua, na njia ya Ziwa Tanganyika ilianza kufungwa pale manowari ndogo za Kiingereza zilipoiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur walipoanza kusonga mbele mwezi Aprili, hatari kubwa kwa Gisenyi haikuwa shambulio la uso kwa uso bali kukatwa kutoka nyuma. Kigali ilianguka tarehe 6 Mei 1916, na Wajerumani wakaiacha Gisenyi siku chache baadaye. Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba.

Wale waliobaki na Lettow-Vorbeck waliendelea kusini. Tarehe 25 Novemba 1917 waliiteka kambi ya Wareno ya Ngomano kando ya Mto Ruvuma, wakabadili bunduki kwa mara nyingine, safari hii kwa kaliba ya Kireno ya milimita 6.5. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi hilo lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, lilikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, ambazo 7 tu zilikuwa za Kijerumani, risasi 208,000, na bunduki 1,071. Bunduki hizo zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Ya modeli ya 1871, iliyokuwa ikifuka moshi juu ya lava ya Gisenyi miaka minne kabla, haikuwamo hata moja.